Mtani wa Saa Saba

Shuka lilikuwa safi, na hilo ndilo lililomtia Odeta wasiwasi.

Miaka kumi na moja amekuwa akiamka na kukuta magamba yake kitandani, meupe, makavu, mengine makubwa kama ukucha wa kidole gumba. Kila asubuhi kabla ya chai hukung'uta shuka mlangoni, akafagia, akatupa. Mtu akikaa sana na ugonjwa huzoea mpaka taka zake. Sasa asubuhi hiyo amekung'uta, hakikuanguka kitu. Akapapasa godoro. Hakuna hata chembe. Ila shuka lilikuwa bichi upande wa miguuni, na lilinuka ziwa. Si harufu ya samaki. Ya samaki angeijua, ameishi nayo. Ni harufu ya tope la chini kabisa, linalopanda na nyavu zikivutwa kutoka mahali ambapo jua halifiki.

Akalianika shuka juu ya jiwe, akanywa chai yake. Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele kwa ajili ya shuka.

Umri wake ulikuwa miaka hamsini na miwili, nyumba yake vyumba viwili juu ya mawe ya Kirumba; ukisimama mlangoni unauona mwalo wote chini, mitumbwi, moshi, na wanawake wanaoanika dagaa. Pale mwaloni alipaa samaki, akiwatoa magamba, karibu miaka thelathini, mpaka ugonjwa ulipotoka viwikoni na magotini ukafika mikononi. Watu wana midomo. "Odeta, gamba hili la sato au la kwako?" Wakacheka, kisha wakaacha kumpa samaki zao. Wengine walisema ni ukoma, wengine walisema karogwa, na waliosema karogwa ndio hao hao waliokuwa wakija kumwomba chumvi. Hospitali daktari alilitaja jina lake, soriasisi, akamwambia ukweli bila kuupaka asali: "Hauambukizi, mama. Na hauponi. Tutautuliza tu."

Basi akajifunza kuutuliza. Kuoga maji ya uvuguvugu. Kupaka mafuta mazito kabla ngozi haijakauka, krimu ya hospitali kwenye mabaka, nguo za pamba, kidonge siku ikizidi. Na kutojikuna, ambako ni sawa na kumwambia anayeungua akae kimya. Binti yake Gladness likizo ya uzazi ilipokwisha akarudi kiwandani Nyakato, na Odeta akabaki nyumbani na mjukuu, Selina, wa miezi minne.

Sasa, siku moja kabla ya shuka hilo, ndipo alipokuja mgeni.

Ilikuwa saa saba mchana, adhana ya adhuhuri imekwisha, jua liko utosini, mawe yamepata moto hata kuku wamejificha. Mtoto amelala. Odeta alikuwa ameketi mkekani chumba cha mbele, anajipaka mafuta. Siku mbaya. Kiwiko akikikunja kinapasuka kama chapati ya jana.

"Hodi, mtani!"

"Mtani gani huyo anayetembea jua hili? Karibu."

Mwanamke akasimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake, uso hauonekani vizuri. Pindo la kanga yake lilikuwa linadondosha maji. "Hee! Umekaa kama sato kwenye ungo. Ngozi hiyo au umevaa gunia?"

Odeta akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa na kiu ya utani. Mtani wake wa siku zote alikuwa jirani, Bi Moza, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Mwanza na mume wa reli, mume akafa yeye akabaki. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana na humjibu kwa hasira. Anakamata kuku wako uani na unamsindikiza. Hata ukifa atalala kaburini mwako agome kutoka mpaka apewe kitu. Mtani hanyimwi. Lakini Bi Moza alikuwa ameenda kwao kwenye arobaini ya kaka yake, wiki ya tatu sasa, na nyumba ilikuwa imepoa. Huyu wa mlangoni alikuwa na lafudhi kama ya pwani. Odeta hakuuliza kabila. Hapo ndipo alipokosea, maana mtani huulizwa kwao kwanza, ndipo hutukanwa.

"Linauma gunia lako, mtani?" akauliza mgeni.

"Linauma! Kama mtu amekumwagia mafuta ya kukaangia halafu anakwambia ukae kwa adabu."

"Nipe basi."

"Chukua!" alisema Odeta, anacheka bado. "Chukua maumivu, na ngozi yote chukua, uivae wewe tukuone!"

Mwanamke akaingia, akachuchumaa. Kwa ukucha wake akabandua gamba moja gotini mwa Odeta, polepole, akaliweka ulimini kama mtu anayeonja chumvi ya mboga.

"Umenipa mwenyewe," akasema.

Odeta akainuka kwenda kumtazama mtoto aliyeguna. Aliporudi hakukuta mtu. Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji zinazoingia. Za kutoka hazikuwepo. Akasema zimekauka. Mtu asiyetaka kuogopa hakosi sababu.

Kesho yake ndipo shuka likawa safi, na maumivu yakawa hayapo.

Mwacheni aliyewahi kuumwa aseme jambo hilo ni nini. Odeta alikunja kiwiko, akakikunjua. Akapiga magoti, jambo ambalo hakulifanya hata kanisani tangu mwaka juzi. Kila siku saa saba mwanamke yule alikuja, akatukana, akatukanwa, akabandua gamba au mawili, na kila asubuhi baka moja lilikuwa limeondoka, ngozi laini kama ya mtoto.

"Mama, umepona!" Gladness alimshika mashavu. "Ni krimu ile mpya?"

"Ni Mungu," alijibu Odeta, na hakumtaja mgeni. Kwa nini hakumtaja, hata yeye hakujua. Siku ya kliniki ikafika, hakwenda. Mafuta yakakaa dirishani mpaka yakaota vumbi.

Wiki ya pili, alimtengea Selina maji ya kuoga. Kama alivyofanya kwa watoto wake wote, alitumbukiza kiwiko kwenye beseni kupima. Hayakuwa ya moto. Hayakuwa ya baridi pia. Hayakuwa kitu. Akamteremsha mtoto, na kisigino kilipogusa tu, Selina akatoa ukelele uliomfanya Odeta amnyanyue juu kwa mikono miwili kama anayemwokoa mtoni. Kisigino kilikuwa chekundu. Akatazama kiwiko chake. Nacho kilikuwa chekundu, kinafuka mvuke, na hakikumwambia lolote.

Alipombembeleza mtoto akanyamaza, akatafuta sindano ya kushonea, akajichoma paja. Damu ikatoka. Akajichoma goti, tumbo, shavu. Damu, damu, damu. Kisha akampakata Selina, akafumba macho, na macho yalipofumba hakujua kama amebeba mtoto au amebeba hewa.

Saa saba mgeni akaja. Safari hii Odeta alimtazama vizuri. Viwikoni mwake kulikuwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe, na alikuwa akiyapapasa kama mwanamke anavyopapasa kanga mpya dukani.

"Mtani, inauma!" alinong'ona, na sauti ilikuwa ya furaha. "Wee! Inauma vizuri. Sisi kule chini hatuna kinachouma. Baridi tu, baridi na giza."

"Kule chini wapi?" aliuliza Odeta. "Wewe mtani wa kabila gani?"

"Leo ndiyo unauliza?" Mwanamke akacheka. "Miaka thelathini umekaa pale mwaloni na kisu chako unawapaa wa kwetu. Mnakula vya kwetu. Na sisi tunakula vya kwenu. Mtani ni nani kama si huyo? Haya, lete huyo mtoto nimshike. Nimhisi joto lake."

"Si leo. Amelala."

"Mtani hanyimwi," alisema mwanamke kwa upole, na kwa mara ya kwanza sauti ile ilikuwa imeanza kufanana na ya Odeta mwenyewe.

Kesho yake Odeta alipitisha komeo asubuhi. Mchana alimlaza Selina kitandani, akaketi mlangoni pa chumba, mgongo umeegemea mlango. Adhana ikaanza, ikaisha. Hakuna hodi. Saa saba na nusu mlango ukagongwa kwa nguvu, na sauti ya Gladness, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kiwandani wakarudishwa mapema, ikaita, "Mama? Nani kafunga?"

Odeta akamfungulia. Gladness akabaki amesimama, kikapu mkononi.

"Mama... umefikaje kabla yangu?"

"Nimetoka wapi?"

"Nimekupita sasa hivi njia ya mwaloni. Selina mgongoni. Nimekuita hukugeuka. Nikasema labda jua."

Wakatazamana. Wakaingia chumbani pamoja, na kitandani palikuwa na alama ya mtoto tu, kishimo kidogo kwenye shuka, na shuka lilikuwa bichi, na dirisha ambalo hata paka hapiti lilikuwa limefungwa kama lilivyofungwa, na ile harufu ya tope la chini ilikuwa imejaa chumba chote mpaka puani, mpaka kooni, na Gladness alikuwa ameshatoka mbio anashuka mawe akipiga yowe lisilokuwa na maneno, na Odeta nyuma yake, miguu mitupu, anakanyaga vigae vya chupa na miiba na mawe ya moto na hahisi hata kimoja, anaona tu damu yake inabaki nyuma kila alipokanyaga.

Walimkuta Selina ukingoni mwa ziwa, amewekwa juu ya jiwe bapa, maji yanalamba pembeni. Alikuwa mzima. Alikuwa anacheka, anatazama juu, kama anavyocheka mtoto akitazamwa na bibi yake.

Bi Moza alirudi jioni hiyo na basi la Dar, begi hajaliweka chini. Alikuta nyumba ya jirani imefungwa na watu wanapumua ndani.

"Shikamoo, bibi," alisema Gladness.

"Marahaba. Kuna msiba? Nyie Wasukuma nikiwaacha wiki tano mnakufa bila ruhusa?"

Odeta akamweleza yote. Bi Moza, mzee wa miaka sabini aliyewakanda wazazi nusu ya Kirumba kwa maji ya moto, alisikiliza bila kukatiza, na hilo peke yake liliwatisha.

"Ulimwambia achukue," alisema mwishoni.

"Nilitania."

"Ndiyo. Umetoa kwa utani, na kilichotolewa kwa utani hakidaiwi kwa ugomvi. Hata nikuletee mashekhe kumi na wachungaji kumi, atawaambia alipewa." Akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Lakini utani una mlango wa kurudi. Mtani akichukua chako, unaweza kukiomba mbele ya mashahidi, kwa mdomo wako. Hawezi kukunyima, maana naye hanyimi. Ila utakiomba chote. Huwezi kuomba ngozi ukamwachia moto wake. Unanielewa? Yatarudi yote, na ya wiki hizi zote kwa mkupuo."

Mtu asimcheke Odeta. Alikuwa amelala usiku kumi na mitano bila kulia, baada ya miaka kumi na moja. Akatazama miguu yake iliyopasuliwa na chupa, inavuja damu kwenye kanga, imetulia kama miguu ya meza. Akamtazama Selina kifuani mwa mama yake.

"Saa saba," akasema.

Kesho yake hawakufunga mlango. Gladness alikaa kona ya chumba na mtoto, Bi Moza kwenye kiti, midomo inacheza Ayatul Kursi bila sauti. Odeta mkekani. Adhana ikaisha, na baada yake kikaja kimya ambacho hata wale wauza dagaa chini hawakusikika, hata nzi, kisha maji, chap, chap, nyayo za mtu anayepanda mawe taratibu kwa sababu magoti yanamuuma, na Odeta akaitambua ile hatua, mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unaburutwa kidogo, akaitambua kwa sababu ndivyo yeye alivyotembea miaka kumi na moja, na alipotokea mlangoni hapakuwa tena na mgeni, alikuwa Odeta amesimama, gauni la pamba la Odeta, mabaka ya Odeta mpaka shingoni, uso wake, jino lake lililovunjika, na Selina kule kona akamwona, akanyoosha mikono.

"Nimekuja kumchukua mjukuu wangu," alisema yule wa mlangoni. "Huyo aliyekaa hapo hamhisi. Mimi namhisi."

"Mama," alinong'ona Gladness, na hakuna aliyejua anamwita nani.

"We kinyago cha majini!" Bi Moza akasimama. "Nani kakuambia huyu ni mtani wako? Huyu nimemrithi kwa babu yangu! Mimi nikifa ndiye atakayenilalia kaburini, si wewe unayenuka tope kama samaki kamongo! Umeingia kwenye utani wa watu bila kuuliza zamu, na mimi ndiye shahidi. Odeta, sema!"

Odeta akasema, na sauti ilitoka ndogo. "Mtani. Nirudishie changu."

"Utalia."

"Nitalia kwangu."

"Sikiliza, mtani." Yule akasogea, akachuchumaa mbele yake, uso kwa uso, na macho yake hayakuwa na kope. "Yanauma kuliko unavyokumbuka. Niachie. Wewe pumzika."

"Nirudishie. Ngozi yangu, na moto wake, na kuwasha kwake. Yote."

Yule akatoa mkono wa kulia, kama watani wanavyofanya wakipatana, na Odeta, kwa kuwa mtu wa Kirumba hukataa vyote lakini hakatai mkono, akaupokea.

Yalirudi. Hakuna haja ya kueleza. Gladness anasema mama yake alipiga kelele moja tu, na baada ya hapo hakuwa na pumzi ya kelele nyingine. Miguu ilirudi na vigae vyake, kiwiko na maji yake ya moto, mapaja na sindano zake. Alipofumbua macho alikuwa kichwa juu ya mapaja ya Bi Moza, mlangoni hakuna mtu, na Selina alikuwa juu ya kifua chake. Alimhisi. Uzito wake, joto, mate yanayomtiririkia shingoni. Kila alipoguswa na mtoto yule aliungua, na hakumtoa.

Jumatatu alirudi kliniki. Daktari aligomba, akaanza dawa upya. Mabaka, magamba, mafuta, maji ya uvuguvugu. Odeta alifagia kitanda chake asubuhi na hakulalamika.

Kitu kimoja tu hakikurudi. Kiganja cha kulia, kile alichotoa kupokea mkono. Hakikuwa na baka, hakikuwa na gamba, na hakikuhisi kitu. Alishika nacho kikombe, ni kama kimeshikwa na mtu mwingine. Bi Moza alikikagua, akakunja uso. "Kaondoka na nauli," alisema. Hakucheka.

Mwezi ukapita. Siku moja Odeta alikuwa nje ya mlango anapika ugali kwenye jiko la mkaa, Selina yuko mapajani mwa Bi Moza hatua mbili tu kutoka pale. Adhana ikaisha. Na kile kiganja kilichokufa kikahisi baridi.

Baridi ya maji. Akakitazama: kikavu, kina unga. Kisha kikahisi mchanga, kama mtu anayetambaa kutoka ziwani kwa mikono. Kisha ukuta wa matofali. Kisha kitambaa. Mwiko ukamdondoka. Kisha, polepole, kiganja kikahisi kichwa cha mtoto, nywele laini, utosi unaodunda. Na vidole vidogo vitano vikashika kidole chake kimoja, vikakaza.

Akamtazama Selina. Selina amelala.

"Bi Moza," alinong'ona. "Kamshika mtoto. Si wetu. Kuna mtoto wa mtu mkononi mwake."

"Wa nani?"

"Sijui! Anatembea naye. Nahisi anadunda. Anashuka. Maji, Bi Moza, maji yanafika."

Chini kulikuwa na nyumba mia mbili na kila nyumba ina mtoto. Hakukuwa na muda wa kupiga hodi hata moja. Odeta akatazama kiganja, akatazama jiko. Kilichochukuliwa, maumivu yake yanakaa kwa aliyekichukua. Hilo alikuwa amefundishwa kwa ngozi yake mwenyewe. Akaipua sufuria ya ugali, akaiweka chini. Akabandika kiganja juu ya makaa mekundu, akakikandamiza kwa mkono wa pili.

Hakuhisi kitu. Aliona moshi, akasikia kinavyochemka, na ile harufu.

Kutoka chini, ukingoni mwa ziwa, mtu akalia. Wauza dagaa wote walisimama. Kilikuwa kilio kirefu cha mwanamke anayeungua, na kila mtu wa Kirumba aliyekisikia anaapa kilikuwa sauti ya Odeta, naye Odeta alikuwa juu pale, mdomo umefungwa, anahesabu pumzi. Vile vidole vidogo vikateleza, kimoja, kimoja, mpaka kiganja kikabaki kitupu. Ndipo akautoa mkono.

Mtoto alikuwa wa Rebeka, muuza mkaa. Walimwokota kwenye maji ya kiunoni, anakohoa, kanga yake imeungua alama ya vidole vitano.

Hospitalini daktari alisafisha kile kidonda, akashangaa mama huyu anayelia akiguswa kiwiko anakaaje kimya hapo.

"Hakiumi, mama?"

"Kinauma," alisema Odeta. "Ila si mimi."

Kidonda kimepona sasa, na kiganja bado hakihisi kitu cha hapa. Huhisi maji tu, na mara nyingine mchanga. Basi kila siku kabla ya adhuhuri, awe ana cha kupika asiwe nacho, Odeta huwasha jiko mlangoni, akapepea mpaka mkaa uwe mwekundu, akaketi kando yake, mkono umefunguliwa mapajani, anasubiri kuhisi.